Njia ya Mgeni

Siku ile, kabla ya chai ya saa nne, nilikuwa nimeshapanda mlima wa barafu karibu na Ncha ya Kusini, nimepita katikati ya kijiji cha wafuga kulungu huko Siberia, na nimehesabu madirisha ya nyumba ya mlinzi wa mnara katika kisiwa ambacho meli hukifikia mara moja kwa mwaka. Sikuwa nimetoka ghorofa ya tatu ya jengo letu hapa Dodoma.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ramani. Upeo, kampuni iliyoniajiri, imeiweka dunia nzima ndani ya mitambo yake: mtu anavaa miwani, anasimama juu ya mkeka unaosogea chini ya nyayo, na anakwenda atakako. Mimi hutangulia. Nikikuta ngazi inaelea hewani, naishusha. Nikikuta mbuzi ana miguu mitano, napunguza mmoja. Kwa miaka kumi na miwili nimewatangulia watu jangwani, mapangoni, na kwenye vijiji ambavyo hata wanaovitawala hawajawahi kuviona.

Na kila siku, kabla ya kuvua miwani, nilijipa dakika tano za kwangu. Nilijipeleka Same, nikaiacha lami, nikapanda milima ya Upare kwa njia ya miguu, nikapita shamba la mwisho la tangawizi, mpaka kwenye mwamba uitwao Jiwe la Ngoto. Hapo njia ilikoma. Mbele ya jiwe palikuwa na kijivu kitupu, kijivu kisicho na umbali, kama ukuta uliopakwa rangi na fundi asiyejali. Nilinyoosha mkono, ukapotea mpaka kwenye kiwiko. Katika orodha yetu mahali pale paliitwa Baka la Arobaini na Moja. Kwa mama yangu paliitwa Irindi, na Irindi ilikuwa nyumbani.

"Dada Namkunda!" Sauti ya Lusajo, fundi wetu wa mitambo, iliingia masikioni. "Umekwenda tena kugonga mlango wa kwenu? Wakikufungulia uniite, nije nile makande."

"Wakifungua, wewe Mnyakyusa utabaki nje ulinde viatu."

"Nitalinda. Lakini sahani mniletee."

Nikavua miwani. Lusajo hakuwa akicheka kama kawaida yake. Nyuma yake alisimama mkurugenzi wetu, Bi. Mwasonga, mwanamke mwembamba ambaye hata akienda kuchukua maji ya kunywa hutembea kama anayekimbilia basi.

"Zamu ya baka lako imefika," alisema. "Arobaini na Moja. Mfumaji yuko tayari. Tunachokosa ni msimulizi, na nimeambiwa msimulizi unaishi naye nyumba moja."

*

Mabaka yapo kwa sababu ya Sheria ya Anga Tulivu. Misitu ya mawingu ilipobaki michache duniani, serikali zilikubaliana kuifunga: mguu wa mtu usiingie, kamera isiruke juu yake, na hata satelaiti zifumbe macho zikipita. Irindi ilifungwa miaka thelathini na tisa iliyopita. Watu wake walishushwa tambarare na magodoro yao. Mama yangu, Elieshi, alikuwa na miaka ishirini na mimba ya miezi sita. Mimba hiyo ndiyo mimi.

Nilikosa kuzaliwa kwetu kwa miezi mitatu.

Mama aliniambia mara moja tu, nikiwa msichana, kwamba Irindi mtoto alipofikisha siku ya saba, bibi yake alikwenda alfajiri kwenye jicho la maji, mahali chemchemi inapotokea mlimani, akachota kwa jani, akarudi na kumdondoshea mtoto matone midomoni. Kuanzia hapo alikuwa mwenyeji. Nilimuuliza mimi nilidondoshewa nini. Akasema, "Maji ya bomba la kambi, mwanangu. Yalinuka dawa."

Sasa sheria hiyo ya misitu ilikuwa na tundu, na Upeo walipita kwenye tundu. Sheria ilikataza kupiga picha. Haikukataza kusikiliza. Mfumaji ni mtambo unaofuma ardhi kwa maneno: mtu aliyepajua mahali anapasimulia, naye anasuka, jani kwa jani, mpaka panatembeleka.

Nilikuwa nimeshamlisha Mfumaji mara moja. Baka la Kumi na Saba, milima ya mbali, mzee mmoja aliyesimulia huku akilia kwa furaha kwamba ataiona tena chemchemi ya baba yake. Aliiona. Miezi minane baadaye kampuni ya maji ya chupa ikaomba kibali, kwa kuwa sheria ilikuwa na tundu la pili: chanzo cha maji kikithibitishwa kwenye ramani, msitu waweza kufunguliwa kwa ajili yake. Siku moja nilifungua jokofu la ofisi nikakuta chupa zimepangwa, na kwenye kila chupa picha ya mlima wa yule mzee. Bi. Mwasonga alinipongeza. Lusajo alikunywa yake nusu, kisha akaiweka chini taratibu.

Nilijua hayo yote. Na bado, Bi. Mwasonga aliponiuliza kama mama yangu ataweza, nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali. Nilitaka kuona. Miaka yote nilikuwa nimewapeleka watu kwao. Nilitaka mara moja, mara moja tu, mkono wangu usipotee kwenye kiwiko.

*

Mama alikuwa uani, sinia ya maharage mapajani, akichambua. Niliweka sikio mezani. Ndivyo tunavyokiita kile kidude cha kurekodia, kidogo kama kifungo cha koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Sikio la kazini."

"Wewe una masikio mawili, hayatoshi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu isipokuwa zile chupa. Aliendelea kuchambua. Maharage mabovu aliyatupia kuku bila kuyatazama, na kuku wakayakataa.

"Kwa hiyo nikisema, watu watapita."

"Watapita kwa miwani tu, mama. Hakuna atakayekanyaga."

"Na wewe utapita?"

"Mimi wa kwanza."

Vidole vyake vikasimama. Alinitazama muda mrefu, kwa namna aliyokuwa akinitazama nilipokuwa na homa. Kisha akasogeza sinia, akakaa wima kama anayeapa mahakamani.

"Ukitoka Jiwe la Ngoto shika kushoto. Kijito kiwe mkono wako wa kushoto. Shuka. Utapita mikuyu mitatu. Utavuka gogo. Utahesabu mawe saba ya kukanyagia, utafika kwenye ndiva. Chini ya ndiva, penye magugu, ndipo lilipo jicho la maji."

Ndiva ni lile bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare hukusanyia maji, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Hilo nililijua. Nililisoma.

Mfumaji anahitaji simulizi tatu. Sababu yake ni kama sababu ya kuwa na macho mawili: jicho moja linaona picha, mawili yanaona kina. Mtu akisimulia kitu alichokiona kweli hawezi kukisimulia sawasawa mara tatu. Mara mti uko karibu, mara uko mbali; leo anakumbuka harufu, kesho anakumbuka kuteleza. Ni katika tofauti hizo Mfumaji anapata kina cha bonde. Nikamwomba mama arudie.

"Ukitoka Jiwe la Ngoto shika kushoto," alisema. "Kijito kiwe mkono wako wa kushoto. Shuka."

Neno kwa neno. Na mara ya tatu pia, hata pumzi aliivuta palepale. Nikadhani ni fahari ya kumbukumbu yake. Nikazima sikio, nikambusu kwenye kilemba, nikaondoka nikikimbia kama Bi. Mwasonga.

*

Mfumaji alichukua siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilisimama juu ya mkeka, nikavaa miwani, nikajikuta mbele ya Jiwe la Ngoto. Kijivu hakikuwepo.

Kulikuwa na njia. Njia nyembamba, nyeusi kwa unyevu, imeingia kwenye miti iliyovaa kuvu kama wazee waliovaa makoti. Nikashika kushoto. Nilikuwa natembea na huku nahesabu kwa sauti, mkuyu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilivuka gogo. Nilihesabu mawe saba. Ndiva ilikuwa mbele yangu, maji yake yametulia, na pembeni Mfumaji alikuwa ameweka jembe limeegeshwa, kwa sababu mtambo unajua kwamba mahali pa kazi huachwa jembe.

Nilipiga magoti. Goti langu halisi liligonga mkeka wa mpira, sikujali. Nilikaa pale nikilia kwa raha, kama mtu aliyefika kwenye msiba wake mwenyewe akakuta ni harusi.

Kisha jani likapita kwenye kijito. Lilipita mbele yangu taratibu, likageuka mara moja, likaendelea. Lilikuwa linapanda.

Nikalitazama mpaka likafika ukingo wa juu. Lingine likafuata. Maji yote ya Irindi yalikuwa yakitoka kwenye magugu chini ya bwawa na kupanda mlima kuingia bwawani, bila haraka, kama yamezoea.

"Lusajo," nikaita. "Hebu njoo uone."

Alivaa miwani ya pili akasimama kando yangu kwenye ramani, kivuli cha bluu kisicho na uso. Alilifuata jani kwa kichwa. Halafu bega la kivuli likaanza kutikisika.

"Ninyi Wapare jamani! Watu wote tunajua mnapenda kesi, lakini hata maji yenu? Yanakata rufaa! Yameshindwa chini, yanapanda mahakama ya juu!"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu nilikuwa naanza kuogopa.

Lusajo alifungua tabaka la chini la ramani. Kabla ya sheria, miaka mingi nyuma, kulikuwa na kipimo kimoja cha rada cha milima ile: miinuko tu, ya kukadiria, bila mto wala mti. Mfumaji huweka simulizi juu ya miinuko hiyo kama kitambaa juu ya meza. "Hapa mama anasema shuka," Lusajo alieleza, "na mlima unasema panda. Kila mahali. Si kosa moja, dada, ni makosa yote. Mtu akisahau, anakosea huku na kule. Huyu hajasahau. Huyu anakosea kwa nidhamu."

"Unasema mama yangu anadanganya?"

"Nasema ama mlima au mama. Na mlima sijawahi kuusikia ukiongea." Akagusa kitu hewani. "Angalia. Nageuza. Kushoto kuwe kulia, kushuka kuwe kupanda, chini ya ndiva kuwe juu ya ndiva. Nimpe Mfumaji asuke upya."

Namba ikatokea mbele yetu. Ulinganifu wa simulizi na mlima, uliokuwa sita kwa mia, ukawa tisini na nne.

Chini ya namba palikuwa na kitufe: TAZAMA.

"Hapo hapo," Lusajo alisema kwa sauti ya chini. "Kwenu."

Kidole changu kilikuwa kimeshainuka. Sijui ni nini kilikizuia. Labda ni zile pumzi za mama, zilizovutwa mara tatu palepale. Nikavua miwani, nikamwambia Lusajo asikiguse kitufe, na asimwambie mtu.

"Ijumaa saa sita mchana inakwenda hewani," alinikumbusha. "Leo Jumatano."

*

Alhamisi sikwenda kazini. Mama alikuwa amepika makande, akanipakulia kabla sijaomba. Nilikula kijiko kimoja nikaweka bakuli chini.

"Mama, jicho la maji linakuwaje chini ya bwawa?"

Hakushtuka. Aliniangalia, halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani.

"Siku nne zimekuchukua. Mtoto yeyote wa Irindi angecheka papo hapo. Chemchemi chini ya bwawa! Maji yangeingiaje, kwa ndoo?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Hiyo ni njia ya mgeni, mwanangu. Kila mtu wa Irindi alikuwa na njia mbili mdomoni. Mgeni akiuliza maji yanakotoka, anapewa ile. Hata mtoto wa miaka mitano aliijua, neno kwa neno, maana mkitofautiana mgeni atashtuka. Nikiwa mdogo walikuja mabwana wa kupima, na vigingi vyao na kamba. Wakauliza kwa mwenyekiti, wakauliza kwa mchungaji, wakauliza kwa watoto. Wote tukawaambia shika kushoto, shuka. Siku tatu wamo kwenye magugu! Walirudi wamechanika suruali, tukawapikia makande, wakala, wakashukuru kwa ukarimu wetu. Hawakurudi."

Alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka.

"Lakini mimi si bwana wa vigingi. Mimi ni Namkunda."

"Najua wewe ni nani."

"Umenipa njia ya mgeni."

Kuku alikuja mlangoni, akatuangalia, akarudi alikotoka.

"Hujanywa," mama alisema.

Nilijua ni hilo. Nilijua tangu kwenye mkeka, na bado lilinipiga.

"Nilikuwa tumboni mwako, mama! Ulikunywa wewe, nikanywa na mimi. Miezi sita!"

"Nilimwambia bibi yako hivyo hivyo, kambini. Akaniambia tumbo si mdomo." Alichukua bakuli langu, akalifunika kwa sahani lisipoe. "Usidhani nilifanya kwa ubaya. Nilikaa pale na sinia yangu nikataka kukupa ile nyingine. Nilitaka, Namkunda. Mdomo ukafunguka, ikatoka hii. Kile kidude kilikuwa kinanitazama."

"Ni sikio, halitazami."

"Kilinitazama."

Nikamwambia basi kuhusu zile chupa. Nilimwambia kuhusu mzee wa Baka la Kumi na Saba, na tundu la kwanza la sheria, na la pili. Nikamwambia kuhusu kitufe, kwamba mtambo umeigeuza njia, kwamba njia ya kweli iko ofisini ndani ya miwani na inahitaji kidole kimoja tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umetazama?"

"Bado."

"Unataka?"

"Kuliko kitu chochote."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. "Mimi nitakwambia jambo nisilomwambia mtu. Wa Irindi waliobaki na njia zote mbili ni mimi na Mbonea wa Hedaru, na Mbonea akili zimemchanganyika, anamwita mwanawe kwa jina la ng'ombe. Ile njia nyingine sijaitamka kwa miaka thelathini na tisa, maana hapana wa kumtamkia. Naisema moyoni nikiosha vyombo. Zamani nilikuwa naipanda yote kama inavyotakiwa. Siku hizi nafika kwenye gogo, nasimama, najiuliza: hapa ni kulia, au kulia ndiyo ya mgeni? Zinaanza kuchanganyika." Aliitazama mikono yake. "Nikifa, itabaki ya uongo peke yake. Au itabaki ile yenu ya kwenye kitufe. Mimi sitakukataza. Wewe ndiye mwenye kidole."

*

Ijumaa saa tano na nusu nilikuwa juu ya mkeka. Lusajo alikuwa mezani kwake, anajifanya anafunga waya.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuliacha baka lilivyo. Lakini baka lililoachwa hupewa mkaguzi mwingine, na mkaguzi mwingine angekwenda Hedaru kumrekodi Mbonea, ambaye hakuwa tena na mlinzi mdomoni. Ya pili, kitufe. Ningeona. Saa sita Bi. Mwasonga angeona, na saa sita na dakika moja angeona yeyote mwenye miwani, pamoja na wale wenye chupa. Hakuna namna ya kuona peke yako kwenye Upeo. Mkaguzi akishatazama iliyosahihishwa, inahesabiwa ameipitisha. Niliisoma ile kanuni mara nne nikitafuta tundu la tatu.

Ya tatu ilikuwa njia ya mgeni. Mfumaji ana amri iitwayo "lainisha": mlima ukigombana na simulizi, unaweza kuuagiza mlima ukubali. Hutumika kwa visiki na mashimo. Haijawahi kutumika kwa bonde zima. Ni uongo, na mimi nililipwa miaka kumi na miwili kusahihisha uongo.

Nilifikiria mambo mengi pale, lakini nikisema kweli, nilifikiria zaidi namba ile, tisini na nne. Nilijiuliza kwenye zile tisini na nne kuna nini. Kama kuna ngazi za mawe. Kama mlango wa nyumba ya bibi ulitazama mashariki. Nilimwonea wivu kila mtu niliyewahi kumpeleka kwao.

Bi. Mwasonga aliingia. "Tumefika wapi?"

Nikalainisha. Nilitazama mlima wa mama yangu ukiinama, mgongo wake ukishuka upande uliokuwa unapanda, mpaka jani la kwenye kijito likasita, likazunguka, likaanza kuteremka kama majani yote duniani. Kisha nikaichukua ile iliyogeuzwa, pamoja na kitufe chake, nikaifuta. Nikafuta na nakala. Mtambo uliniuliza kama nina hakika, kwa upole kabisa. Nikajibu ndiyo.

"Tayari," nikasema.

Bi. Mwasonga alitembea ndani yake dakika kumi nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alipovua miwani macho yake yalikuwa mekundu. "Kuzuri sana kwenu," aliniambia.

"Asante. Karibu tena."

Alipotoka, Lusajo aliacha waya zake. "Hukutazama."

"Sikutazama."

"Hata kidogo? Hata ukingo?" Alijikuna kichwa. "Dada, sisi Tukuyu mgeni tusiyemtaka tunamwambia ondoka. Ninyi mnamchorea ramani."

"Na makande tunampikia."

"Hayo bado sijayaona."

*

Ndani ya wiki tatu watu elfu kumi na moja waliitembelea Irindi. Waliacha maneno yao hapo: kwamba wamepata utulivu, kwamba wamesikia harufu ya mvua, kwamba mwenye kusimulia abarikiwe. Mmoja aliandika kutoka ng'ambo kwamba amekuwa akienda kila siku kukaa kwenye jiwe la nne. Wale wa chupa nao walipita. Wataalamu wao wakalinganisha penye magugu na kile kipimo cha zamani cha rada, wakakuta ni mgongo wa mlima, pakavu. Chanzo hakikuthibitishwa. Wakaenda kwingine, na najua kwamba huko kwingine nako ni kwa mtu.

Jumamosi moja nilimkuta mama jikoni anaosha vyombo. Nilichukua kitambaa nikawa nafuta.

"Wameshafika wangapi?" aliuliza.

"Elfu kumi na moja."

"Eeh! Wote wamo kwenye magugu?"

"Wote. Na wameshukuru kwa ukarimu."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni. Kisha akaacha kuosha, mikono yake ndani ya povu.

"Na wewe ndiye uliyewapeleka."

"Mimi ndiye."

"Bila kuchungulia."

"Bila."

Alitoa mikono majini. Akafungua bomba, akasubiri mpaka maji yakawa safi, akakinga kikombe cha bati hadi nusu. Alikishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Ni ya bomba," alisema. "Yananuka dawa. Bibi yako angenichapa. Lakini bibi yako alinyweshwa siku ya saba akiwa mtoto mchanga, hajui lolote, amelala. Hakuna aliyemuuliza. Wewe umelinda kabla hujanywa, na hilo mimi sijaliona Irindi nzima. Kunywa."

Nikanywa. Yalinuka dawa kweli.

"Kidude chako kiko wapi?"

"Sikukileta, mama."

Alifunga mlango wa jikoni. Akaketi kwenye kigoda, akanionyesha ndoo niketi juu yake, tukawa tumekaa magoti kwa magoti. Hakukaa wima kama siku ile. Aliinama, akafumba macho, mkono wake ukawa unapapasa hewani kama mtu anayetafuta swichi ya taa.

"Jiwe la Ngoto liache nyuma ya bega lako la kushoto," alisema. "Shika kulia. Panda. Panateleza hapo, shika mizizi. Utafika kwenye mikuyu, iko miwili... Hapana. Ngoja. Ilikuwa minne, mmoja ulianguka mwaka aliooa kaka yangu. Au ulianguka kabla? Harusi tulipita juu yake, nakumbuka gauni lilichafuka. Subiri, Namkunda, usinikimbize."

"Sikukimbizi."

"Nimeruka kitu. Kuna mahali pa baridi kabla ya mikuyu, nimepasahau." Alishika mkono wangu, juu ya kiwiko. "Turudi kwenye jiwe."

Tukarudi kwenye jiwe.